Reli Iliyoishia Kinyangiri

(Haya ni maandishi ya mhadhara uliotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wazee, wakulima, wafugaji, walimu na wanafunzi wa Basotu. Yanachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Nimepewa kazi ya kuzungumza juu ya stesheni ndogo ya reli, na ninazungumza mahali ambapo reli haijapata kufika. Nimeona baadhi yenu mkitabasamu mwenyekiti alipoitaja mada. Hamkukosea. Aliyezaliwa Basotu akakulia Basotu hajapata kusikia honi ya treni kutoka nyumbani kwao, labda aisikie safarini, Manyoni au Dodoma. Hata hivyo, kila mkutano wa hadhara unapofika kwenye maswali, hakosi mmoja wa kuuliza, "Na sisi reli tutaiona lini?" Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, swali hilo linaulizwa kwa sauti ya juu zaidi. Ni swali la haki, ila ni kongwe kuliko wengi wetu tunavyodhani, na jibu lake la kwanza lilikwisha kutolewa kabla wengi wetu hatujazaliwa, katika stesheni moja iliyokuwa upande wetu wa machweo.

Stesheni hiyo ni Kinyangiri. Leo Kinyangiri ni kata ya Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 kutoka Iramba na inayopakana nasi. Wafugaji wetu wanaijua njia ya kwenda huko kwa miguu yao. Mtu akitazama ramani ya reli za Tanzania ya leo, hatakuta mstari wowote unaogusa jina hilo. Lakini katika miaka ya 1930 mstari ulikuwapo. Ulitoka Manyoni, ukapita Singida mjini, ukaishia Kinyangiri, mwendo wa kilomita zipatazo 150. Kufikia mwaka 1934 garimoshi lilikuwa likienda mpaka hapo, na hapo ndipo reli ilipokoma. Katika historia yote ya nchi yetu, hakuna stesheni iliyokaribia uwanda wa Basotu kuliko hiyo.

Ili tuelewe kwa nini ilijengwa, turudi kwenye reli iliyoizaa. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, vita ilipokuwa mlangoni. Ilikuwa reli ya upana wa mita moja, na ndiyo hiyo hiyo inayoitwa leo reli ya zamani. Ilipofika Saranda ililazimika kupanda ukingo wa Bonde la Ufa ili kuingia Manyoni, na aliyesafiri kwa treni hiyo anakumbuka jinsi inavyopunguza mwendo pale na kunguruma kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Manyoni ikawa mlango wa kaskazini. Kila aliyetaka kwenda Singida, Iramba au Mbulu kutoka reli ya kati alishuka hapo au karibu na hapo, kisha akaanza safari ya miguu, ya punda, na baadaye ya lori.

Waingereza walipoitawala Tanganyika waliendeleza matawi. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilifika ziwani mwaka 1928, na reli ya Tanga na Moshi ikafikishwa Arusha mwaka 1929. Matawi hayo mawili yalikuwa na mzigo wa kuyalisha: pamba kule Usukuma, kahawa na mkonge huku kaskazini. Hapo ndipo lilipozuka wazo la tawi la tatu, litakaloingia katikati, kati ya Mwanza na Arusha, kwenye nyanda za juu ambazo watawala waliziona zina hali ya hewa nzuri, watu wengi na mifugo mingi, lakini hazina njia ya kutokea. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: reli ikitangulia, mzigo utafuata.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yetu. Kuna reli inayojengwa kwa sababu mzigo upo na umerundikana, na kuna reli inayojengwa kwa matumaini kwamba mzigo utakuja. Reli ya Kinyangiri ilikuwa ya namna ya pili. Singida ilikuwa na ng'ombe, ngozi, samli na karanga, na biashara yake ilikuwa hai, lakini si biashara ya kujaza mabehewa siku hadi siku. Isitoshe, reli ilikamilika wakati mbaya kuliko wakati wowote ambao mjenzi angeweza kuuchagua. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ulikuwa umeangusha bei za mazao kila mahali. Mkulima ambaye bei ya gunia haimlipi jasho lake hafikirii behewa, anafikiria chakula cha nyumbani.

Wanafunzi waliopo hapa huenda wakajiuliza stesheni ya namna ile ilikuwa na nini hasa. Haikuwa jumba kubwa. Stesheni ndogo ya enzi za mvuke ilihitaji mambo machache yasiyokwepeka. Maji yalikuwa ya kwanza, kwa sababu injini ya mvuke hunywa maji kama kundi la ng'ombe wakati wa kiangazi, na katika nchi kame maji ndiyo yaliyoamua treni isimame wapi. Ilihitaji reli ya pembeni ili treni mbili zipishane au mabehewa yaachwe yapakiwe, na ghala la kuhifadhi mzigo usinyeshewe. Ilihitaji stesheni masta mwenye kitabu, saa na bendera zake, na vibarua wa kukaza mataruma na kusawazisha kokoto, kazi ambayo haikwisha mwaka mzima. Pale njia inapoishia palihitajika pia namna ya kugeuza injini ili irudi ikiwa imetazama mbele. Kutoka hapo kulizuka mengine yote: duka, mgahawa, mahali pa kulala wasafiri, mtu wa kuuza maji, mtu wa kubeba mizigo. Sehemu nyingi za nchi hii zilipata kuitwa mji kwa njia hiyo tu, kwamba treni ilisimama hapo.

Na mwisho wa reli una tabia yake, tofauti na stesheni ya katikati. Stesheni ya katikati huishi kwa treni zinazopita, hata kama penyewe hapana mzigo mwingi. Mwisho wa reli hauna kinachopita. Huishi kwa kile tu kinacholetwa na barabara na mapito yanayokusanyika pale kutoka pande zote. Barabara hizo zikiwa mbovu, au nchi iliyo mbele yake ikiwa haina cha kuuza kwa wingi, stesheni hukaa imekodoa macho kama mwenye duka lisilo na wateja. Kinyangiri ilitazama mashariki na kaskazini, kwenye nyanda za Mkalama, Hanang na Mbulu. Upande huu wetu kulikuwa na malisho, mifugo na ziwa. Ngano haikuwapo bado.

Treni zikaendelea kwenda na kurudi kwa miaka michache, mabehewa yakiwa mepesi. Malori nayo yakaanza kushindana nayo, kwa kuwa lori hufika mlangoni kwa mwenye mzigo na halidai stesheni masta. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, chuma kikawa adimu duniani, na njia isiyojilipa haikuwa na wa kuitetea. Katika miaka ya 1940 tawi la Kinyangiri lilifungwa na reli zake zikang'olewa. Uhai wake wote haukutimiza umri wa mtu kukua, kuoa na kuitwa baba wa mji.

Si Kinyangiri peke yake iliyopata mkasa huo. Baada ya vita, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na kwa ajili yake ikajengwa reli ya kusini kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Karanga hazikuitikia, mradi ukaachwa mwaka 1951, na mapema katika miaka ya 1960 reli ile nayo ikang'olewa. Ndugu zetu wa kusini mpaka leo wanaizungumza kwa uchungu, na mimi nawaelewa.

Sasa tuje nyumbani. Karibu robo karne baada ya reli ya Kinyangiri kuondoka, mzigo ambao reli ile ilikuwa ikiungoja ulitokea, tena hapa hapa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa nguvu zaidi kuanzia mwaka 1970 kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wetu. Lilianza shamba la Basotu, yakafuata Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret, mashamba saba kwa jumla, yaliyochukua ardhi ya ekari zipatazo 100,000. Matrekta na mashine za kuvunia zilizofanana na zile za nyanda za Kanada zikawa zinalima usiku na mchana. Kwa miaka kadhaa ngano ya Hanang ilikuwa sehemu kubwa ya ngano yote iliyozalishwa nchini.

Siwezi kusema habari ya ngano mbele ya wazee hawa nikaiacha nusu. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na sehemu iliyolimwa kwanza ilikuwa ile yenye rutuba kuliko zote, ambayo mfugaji aliitegemea wakati nyasi za kwingine zimekwisha. Njia za mifugo kwenda majini zilikatwa. Makaburi ya wazee walioheshimiwa, yale ambayo jamii huyajengea na kuyatunza kizazi hata kizazi, mengine yaliingiwa na jembe la trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo na kulipa ushindi shirika. Kesi hiyo imo katika vitabu vya sheria vya nchi hii na bado husomwa vyuoni. Mtu akisikia tunasema "mzigo ulitokea", ajue ulitokea kwa gharama ya nani.

Mzigo ukawapo, basi, na reli haikuwapo. Ngano ya Basotu ilibebwa kwa malori kwenda kwenye vinu, kwa barabara za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Kila mmoja wenu anaujua udongo mweusi wa uwanda huu: ukipata mvua unashika gurudumu kama gundi na hauliachii mpaka jua lipende. Bei ya mafuta ilipanda sana mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli la pamoja likagawanyika, na Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli likiwa na injini chache na madeni mengi. Katika hali hiyo, kila tani ya ngano iliyotoka Basotu ilikuwa imekula dizeli kwenye shamba na ikala dizeli tena barabarani.

Hapo ndipo serikali ilipolifufua wazo la zamani. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilijengwa tena reli kutoka Manyoni hadi Singida, kilomita 115, na ngano ya Hanang ilikuwa miongoni mwa mizigo iliyotarajiwa kuilisha. Safari hii haikwenda Kinyangiri, iliishia Singida mjini. Kwa msafiri wa Basotu, lakini, jambo lilikuwa kubwa: stesheni ya mwisho wa reli ilikuwa imerudi upande wetu baada ya takriban nusu karne.

Ikawa zamu ya mzigo kuondoka. Msaada wa Kanada ulifikia mwisho mapema katika miaka ya 1990, wakati ule ule reli ilipokuwa ikianza kazi. Mitambo ilichakaa, vipuri vikakosekana, mashamba ya NAFCO yakaingia kwenye madeni, na hatimaye shirika likavunjwa na mashamba kugawanywa, mengine yakienda kwa wawekezaji na mengine kurudi kwa vijiji. Ngano iliendelea kulimwa na inalimwa mpaka leo, lakini ule mlima wa magunia uliopangiwa mabehewa haukuwapo tena.

Hivyo basi, ndugu zangu, reli na Basotu zimepishana mara mbili. Mara ya kwanza reli ilikuja, mzigo ukawa haujaja. Mara ya pili reli ilirudi, mzigo ukawa unaondoka. Mtu anaweza kuuita huo mkosi. Mimi siuiti hivyo. Waliopanga reli hawakukaa meza moja na waliopanga mashamba, na wala hao wote wawili hawakukaa meza moja na waliokuwa wakiishi juu ya ardhi yenyewe.

Nije kwenye swali la mkutano wa hadhara. Reli ya kisasa, ile ya upana wa milimita 1,435, inapita Makutupora wilayani Manyoni na inaendelea kujengwa kwenda Tabora. Haipiti Hanang. Halmashauri haijengi reli wala haiamui ipite wapi. Hiyo ni kazi ya Serikali Kuu kupitia Shirika la Reli Tanzania. Sitawaahidi treni kwa sababu sina treni ya kuahidi. Kilichopo mikononi mwetu ni kile kilichoiangusha Kinyangiri: barabara zinazofika stesheni, na mzigo unaojulikana idadi yake.

Kuhusu barabara, tuna jambo ambalo Kinyangiri haikuwa nalo. Barabara ya lami ya Singida, Babati hadi Minjingu, kilomita 223, inapita Katesh. Mzigo ukishafika Katesh, umefika duniani. Tatizo letu ni kipande cha kutoka mashambani kufika lami, na hilo ndilo tunaloliwasilisha kwa wenzetu wa TARURA na TANROADS kila mwaka wa bajeti. Waheshimiwa madiwani waliopo hapa ni mashahidi wa mabishano hayo, na wengine sauti zao zimekauka kwa ajili yake.

Kuhusu mzigo, nitasema neno ambalo halitawapendeza wote. Mahindi, maharage, mbaazi, alizeti na ngano ya Basotu vinaondoka hapa kila msimu kwa malori mengi, lakini sehemu ya mzigo huo haimo katika daftari lolote. Unauzwa shambani usiku, kwa lumbesa, gunia likiwa limeshonewa kilemba juu mpaka linafanana na mtu aliyevaa kofia mbili. Mkulima anapunjwa kwa kilo alizoziongeza bure, hilo tunalijua sote. Lisilosemwa sana ni kwamba gunia lile halihesabiki. Mnunuzi anaandika gunia moja, na afisa wa ushuru, akibahatika kuliona, anaandika gunia moja. Mpangaji aliyeko Dodoma, siku akiuliza Basotu inatoa tani ngapi, anapewa tarakimu ndogo kuliko ukweli. Kwa tarakimu ile ndogo ndipo barabara inapowekwa daraja la chini na ghala linapopelekwa kwingine. Stesheni masta wa Kinyangiri alikuwa na kitabu kizuri na mabehewa matupu. Sisi tuna malori yaliyojaa na kitabu kitupu. Mizani ya kijiji ipo kwa ajili hiyo, na kupima kwa kilo ni agizo la sheria ya vipimo.

Kuhusu ardhi, Mheshimiwa Mwenyekiti, mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kila kijiji unapojadiliwa, naomba wafugaji wasiwe wageni waalikwa. Njia za mifugo, malambo na maeneo ya makaburi ya kimila yaingizwe kwenye ramani kabla ya kitu kingine chochote kuchorwa juu yake. Ikitokea siku moja mtu akaja na mchoro wa reli, wa barabara kuu au wa shamba kubwa, akute mistari yetu imekwisha kuwapo na imepigwa muhuri.

Limebaki ombi moja la ofisi yangu. Tunakusanya kumbukumbu za usafiri wa eneo hili, kwa sababu wanaozibeba wanapungua. Wapo wazee ambao baba zao walitembea kwenda kupanda treni Kinyangiri au Singida, wakienda kutafuta kazi mashamba ya mkonge au kupeleka ngozi. Wapo waliokuwa madereva na mafundi wa mashamba ya ngano, na waliosafiri kwa treni ya Singida wakiwa na watoto mgongoni. Mwenye tiketi ya zamani, barua, picha, kitambulisho cha kazi au hata hadithi tu, tafadhali afike kwa Mtendaji wa Kata au katika ofisi yetu Katesh. Karatasi na picha tutazinakili mbele yenu na kuwarudishia papo hapo. Kwa wazee wasioweza kusafiri, wajukuu watuletee jina la kitongoji, nasi tutawafuata nyumbani. Wanaopenda kusimulia kwa Kidatoga, Kiiraqw au Kinyiramba wasimulie kwa lugha hiyo, na tutatafuta mtu wa kuandika.

Sasa naomba maswali, na naomba tuanze na wazee.